Hao Farasi 40 ni wa Mkopo

Kila wiki video ni ileile. Laptopu imewekwa kwa kiti cha dereva, waya umeingia chini ya dashibodi, fundi amevaa glavu nyeusi kama daktari wa upasuaji. Dakika thelathini baadaye gari inapigwa resi hapo nje, moshi mweusi unatoka kama wa lori la mchanga, na jamaa wa kamera anapiga nduru: "Farasi 40 zaidi, wasee! Steji wani!" Chini kuna namba ya simu na ofa ya mwisho wa mwezi.

Video inaishia hapo. Sijaona hata moja ikirudi baada ya miezi minane kutuonyesha ile gari iko wapi, inakunywa oili kiasi gani, na mwenyewe analala saa ngapi.

Mimi ni wa Mbooni, kule Makueni. Steji tunayoijua sisi ni ile ya kungoja matatu. Na leo nataka kusema kitu wazi, hata kama kuna wasee wa kontenti wataniblok: kurimapu dizeli ya mtumba, kwa barabara zetu, kwa mwinuko wetu na kwa mifuko yetu, ni kuchukua mkopo kutoka kwa injini ambayo tayari ina madeni. Fundi wa laptopu halipi huo mkopo. Msee wa kamera halipi. Unalipa wewe, na usipolipa wewe atalipa yule utakayemuuzia gari bila kumwambia.

Kwanza nikubali ukweli. Rimapu inafanya kazi. Sitaki mtu aje hapa kusema eti sijui chochote.

Dizeli ya kisasa yenye tabo inaongozwa na kompyuta. Ndani ya hiyo kompyuta kuna majedwali: dereva akikanyaga hivi, injini ikizunguka hivi, mwaga dizeli kiasi hiki, tabo isukume hewa kiasi hiki, usizidishe hapa. Fundi anayasoma kupitia ile plagi ya chini ya usukani, anapandisha namba, anarudisha. Tabo inasukuma zaidi, injekta zinamwaga zaidi, na unaisikia mgongoni mara ya kwanza ukikanyaga. Si uchawi na si uongo. Kwa gari mpya, iliyopimwa, mikononi mwa mtu anayejua kazi yake, inaweza kuishi vizuri tu.

Shida yangu ni hayo maneno matatu: mpya, iliyopimwa, anayejua. Ebu tuone ni mangapi tunayo.

Ile nafasi haikuachwa kwa uvivu

Hoja yao kubwa huwa hii: "Kampuni imeificha nguvu. Injini inaweza, imefungwa tu na programu." Wanakuonyesha injini moja inayouzwa kwa nguvu mbili tofauti. Mfano wanaoupenda ni dizeli ya Mazda ya lita 2.2, ile ya CX-5, ambayo Ulaya iliuzwa na farasi 150 na pia farasi 175. "Unaona? Ni programu tu!"

Sawa, naona. Naona pia kwamba waliotengeneza injini hiyo, wakiwa na maabara, majaribio ya jangwani na ya barafu, na mawakili wanaoogopa kesi za waranti, walichagua kikomo chao wakasimama. Wewe unaambiwa na mtu mwenye laptopu kwamba zaidi ya 200 ni salama, kwa gari ambayo imeshatembea Japan miaka saba kabla ya kushuka Mombasa. Nani kati ya hao wawili atalipa ikivunjika? Hapo ndipo utajua nani anasema ukweli.

Ile nafasi kati ya nguvu ya kiwandani na mwisho wa injini iliachwa makusudi. Iliachwa kwa ajili ya siku ya joto, dizeli mbaya, filta ya hewa iliyojaa vumbi la Kalawa, mlima mrefu na mzigo, oili iliyopitisha kilomita, na dereva asiyejua. Ukisoma hiyo orodha polepole utagundua ni maisha ya kawaida ya gari yoyote Ukambani. Sisi tunaishi ndani ya hiyo nafasi kila siku. Ndiyo unayouza kwa hao farasi 40.

Dizeli si petroli

Hapa wasee wengi wa Subaru wanaoingia dizeli wanapotea. Kwa petroli, ukizidisha mafuta kidogo, injini inapoa. Kwa dizeli ni kinyume. Dizeli kawaida inaendeshwa na hewa nyingi kuliko inavyohitaji. Ukiongeza mafuta unakula ile hewa ya ziada, na joto linapanda. Mafuta yakizidi hewa kabisa, unapata moshi mweusi. Ule moshi mnaoshangilia kwenye video ni dizeli uliyoinunua kwa pesa, ikatoka nje nusu imeungua, na ikaacha joto na masizi njiani.

Gesi inayotoka kwa mitungi ya dizeli ikiwa na mzigo mkubwa inaweza kupita digrii 700. Pistoni nyingi za magari madogo ni za aluminiamu, na aluminiamu inayeyuka kwa digrii 660. Inasalimika kwa sababu lile joto linapita haraka, na kwa sababu injini nyingi hizi zina vijibomba vinavyomwagia pistoni oili kutoka chini muda wote ili ipoe. Kwa hivyo afya ya pistoni yako inategemea ubora wa oili yako. Shika hilo, tutalirudia.

Faili la usawa wa bahari, gari la milimani

Hii ndiyo sehemu inayonikasirisha zaidi, kwa sababu inatuhusu sisi moja kwa moja na hakuna anayeisema.

Milima ya Mbooni inafika karibu mita 1,900 juu ya bahari. Nairobi yenyewe iko kama mita 1,700. Kwa mwinuko huo wa Nairobi, hewa ina msukumo wa kama asilimia 81 ya ule wa Mombasa. Sasa fanya hesabu nami. Tuseme faili linataka hewa ndani ya injini iwe na msukumo mara 2.2 ya hewa ya pwani. Mombasa, tabo inaibana hewa mara 2.2. Nairobi, kufikia hapohapo, inabidi iibane karibu mara 2.7. Ni tabo ileile, beringi zilezile, ila inazunguka kasi zaidi, na hewa inayotoka ni moto zaidi. Tabo ndogo za magari haya zikiwa kazini huzunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika. Haziachi nafasi ya kubahatisha.

Kompyuta ya kiwandani inajua hili. Ina sensa inayopima hewa ya nje, na ikiona hewa ni nyepesi inapunguza kazi ya tabo ili isijiue. Ndiyo maana gari ikipanda inahisi imechoka kidogo. Imejilinda, haijachoka. Sasa muulize fundi wako swali moja tu: "Jedwali la mwinuko umeligusa au umeliacha?" Mafaili mengi yanayouzwa mtandaoni yaliandikwa kwa gari za Ulaya, nchi ambazo miji yake mingi iko chini sana kuliko yetu. Kama jibu ni "usijali, ni faili safi," chukua ufunguo wako uende nyumbani.

Kisha fikiria kupanda kutoka Tawa hadi Kikima. Gari imebeba watu watano na magunia ya avokado nyuma. Kona juu ya kona, gia ya pili, gia ya tatu, rudi ya pili. Mwendo ni mdogo, kwa hivyo upepo unaopita kwa rejeta na kwa ile rejeta ndogo ya kupoza hewa ya tabo ni mdogo. Mzigo ni mkubwa, mguu uko chini, na hali hiyo inaendelea dakika baada ya dakika. Sekunde nane za kupiga resi kwenye mashine ya kupima nguvu kule Nairobi hazifanani na hilo hata kidogo. Mashine inauliza kama gari ina nguvu. Mlima unauliza kama itaendelea kuwa nayo.

Na tukiwa hapo kwenye mashine, kuna mchezo mwingine. Karatasi wanayokupa mara nyingi huwa na namba iliyorekebishwa ionekane kama gari ilipimwa usawa wa bahari. Kanuni maarufu za marekebisho zilitungwa kwa injini zisizo na tabo, na kwa mwinuko wetu zinaweza kuongeza asilimia 20 au zaidi juu ya kilichopimwa kweli. Msee akichukua namba ya kiwandani kutoka kwenye kitabu kama "kabla", na namba iliyorekebishwa kama "baada", anaweza kukuuzia farasi ambao hawajawahi kuzaliwa. Dai vipimo viwili vya siku moja, mashine moja, kabla na baada, bila marekebisho. Ukiona anaanza kukohoa, umepata jibu.

Gari yako haianzi kwa sifuri

Kenya hairuhusu gari kuingia ikiwa imezidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo wengi wetu tunanunua za miaka sita, saba. Ni gari nzuri. Lakini zimeishi maisha mengine kabla yetu, na nyingi ziliishi mjini: washa, tembea kilomita mbili, zima. Kwa dizeli ya kisasa hayo ndiyo maisha mabaya kuliko yote.

Chukua tena hizo dizeli za Mazda, kwa sababu zimejaa barabarani na vijana wanazipenda. Ni injini za akili sana, zenye mgandamizo mdogo kwa dizeli, 14 kwa 1. Lakini zina tabia zake. Zina kichujio cha masizi kwenye ekzosti, kile kinachoitwa DPF, ambacho kinajisafisha kwa kuchoma masizi. Ili kikachomeka, injini inamwaga dizeli ya ziada kidogo mwishoni mwa mzunguko. Ukiizima katikati ya kazi hiyo kila siku, sehemu ya dizeli hiyo inateremka kwa kuta za mitungi na kuingia kwenye oili. Mazda wenyewe waliweka alama ya X kwenye dipstiki, juu ya ile ya kujaa. Oili ikifika X, imezidi kwa sababu imechanganyika na dizeli, na inabidi imwagwe.

Soma hiyo tena. Oili inapanda. Mtu asiyejua anafurahi: "Gari yangu hainywi oili!" Kumbe anaendesha na oili nyepesi iliyochanganyika na dizeli. Na tulisema oili hiyo ndiyo inapoza pistoni, na ndiyo inabeba ile shafti ya tabo inayozunguka mara 150,000. Sasa juu ya hiyo ndiyo unataka kuongeza joto na msukumo.

Na si Mazda tu. Ile injini ya Toyota ya lita 3.0, 1KD, iliyo kwenye Hilux, Prado na Hiace nyingi, kila makanika wa dizeli anajua habari ya washa za injekta. Zikianza kuvujisha, gesi chafu inaingia kwenye oili, oili inageuka matope, na chujio la chini ya sampu linaziba. Hapo injini inakosa oili huku ikiwa na oili tele. Kuna pia zile zilizopasuka pistoni. Hii ni injini ambayo watu wanaiita ngumu, na kweli ni ngumu. Lakini ugumu wake si mwaliko wa kuijaribu.

Kwa hivyo nauliza: katika hizo dakika thelathini za video, nani alipima mgandamizo wa mitungi? Nani alipima injekta zinarudisha dizeli kiasi gani? Nani alitafuta mahali hewa ya tabo inavuja? Nani alichomoa dipstiki? Gearboksi, ambayo sasa itabebeshwa nguvu zaidi kutoka mizunguko ya chini, oili yake ilibadilishwa lini? Klachi je? Kama hakuna aliyepima, hakuna aliyerimapu gari *yako*. Wamerimapu jina la gari yako.

Kutoboa DPF ni kuvunja kipimajoto

Baada ya rimapu inakuja ofa ya pili: "Tutoe na DPF kabisa, ni shida tupu." Wanakata lile kopo, wanatoa uchafu wa ndani, wanachomelea tena lionekane zima, na kwa laptopu wanaizima sensa. Taa inazimika. Wewe unapumua.

Kisingizio ni kwamba dizeli yetu ni chafu. Hicho kilikuwa na maana zamani. Tangu Januari 2015 Afrika Mashariki ilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Siku hizi DPF nyingi zinaziba kwa sababu nyingine: safari fupi, oili isiyofaa badala ya ile ya majivu machache wanayoandika kwenye kitabu cha gari, injekta inayochuruzika, tabo inayovujisha oili, au masizi yaliyojaa kwenye njia ya hewa. DPF ndiyo ya kwanza kulalamika. Wewe unamuua mlalamishi na kuacha ugonjwa unaendelea, na kisha unaongeza nguvu juu yake.

Na tuongee kuhusu ule moshi. Mnamo Juni 2012, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Si "huenda". Vinavyojulikana. Mwaka 2015 Volkswagen walikamatwa Marekani kwa kuweka programu iliyojua gari iko kwenye kipimo na kusafisha moshi kwa muda huo tu. Magari kama milioni 11 duniani yalikuwa nayo. Dunia nzima ilipiga kelele, mabilioni yakalipwa. Sisi tunafanya mabaya kuliko hayo kwa kutumia msumeno, tunaweka muziki juu, na tunaita ni kontenti.

Watoto wa shule za Mbooni wanatembea kando ya barabara. Hakuna njia ya miguu. Kuna lami, kuna ukingo, kuna mteremko. Gari iliyotobolewa ikipanda na mzigo, inawamwagia usoni. Kenya ina kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2014, na NEMA ipo. Kwamba hakuna anayekusimamisha Kikima na kukupima haimaanishi unachofanya ni halali. Inamaanisha tu wale watoto hawana mtu wa kuwatetea. Basi wewe usiwe wa kwanza kuwatumia vibaya.

Sisi tuna historia na huu ujanja. Sheria za Michuki zilipoanza Februari 2004, matatu zilifungwa gavana zisizidi kilomita 80 kwa saa. Haikuchukua muda wakatokea mafundi wa kuchokora gavana. Ilionekana ushujaa. Waliozikwa kwa sababu ya ushujaa huo hawakuwa mafundi.

Nani hulipa

Kuna kijana wa upande wa kwetu, nitamwacha bila jina, na hata gari yake sitaitaja. Alinunua dizeli ya mtumba kwa mkopo wa sacco, mama yake akiwa mmoja wa wadhamini. Kazi ilikuwa kubeba watu na mizigo, siku za soko hasa. Biashara ilikuwa inaenda. Akaona video. Akaenda mjini, akalipa, akarudi anapita watu mlimani kama wamesimama. Miezi michache baadaye, asubuhi moja akiwa na abiria, tabo ikaachia oili kwenye njia ya hewa.

Wengi hawajui hii, kwa hivyo nieleze. Dizeli haihitaji plagi ya kuwasha moto. Inahitaji hewa na kitu cha kuungua. Oili ya injini inaungua vizuri sana. Tabo ikiimwaga ndani, injini inaanza kujilisha oili yake yenyewe, inapanda mizunguko peke yake, na ukizima ufunguo haizimiki. Inapiga kelele mpaka oili iishe au kitu kivunjike. Abiria waliruka nje, na namshukuru Mungu gari ilikuwa imesimama kupakia. Ingekuwa kwenye kona ya kuteremka, leo ningekuwa naandika kitu kingine.

Injini ilikufa. Fundi wa laptopu alisema kwenye simu: "Hiyo ni tabo, haihusiani na programu." Halafu simu ikaacha kushikwa. Bima haikuwa imeambiwa gari imebadilishwa, kwa hivyo hata wazo la kuwauliza liliogopesha. Mkopo haukufa na injini. Sacco inakata kila mwezi, na ng'ombe wawili wa mama wameshauzwa.

Najua mtu atasema: "Huwezi kuthibitisha ni rimapu." Kweli, siwezi. Labda ile tabo ilikuwa inakufa tayari. Lakini hiyo ndiyo hoja yangu yote! Kama ilikuwa inakufa, mtu aliyechukua pesa za kuiongezea kazi alipaswa kuigusa kwanza. Shafti ya tabo unaitikisa kwa vidole viwili ukishatoa bomba moja. Inachukua muda mfupi kuliko kurekodi utangulizi wa video.

Majibu kwa wanaojua kila kitu

"Safari Rally je? Zile gari zina nguvu na zinapita Naivasha." Zile gari zina timu ya mafundi inayoingia chini yake kila zinaporudi kwa huduma, na sehemu zinabadilishwa kabla hazijavunjika. Wewe una makanika mmoja chini ya mwembe, na spana namba 17 ameazima.

"Mimi nimerimapu na gari iko sawa miaka miwili." Hongera, kwa kweli. Nina mjomba amevuta sigara miaka arobaini na bado anapanda mlima. Haturekodi video tukiwaambia watoto wavute.

"Marekani wanafanya sana." Wanafanya, na serikali yao inawatoza faini. Shirika lao la mazingira, EPA, lilikadiria mwaka 2020 kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimetolewa vichujio ndani ya miaka kumi. Walilihesabu kama tatizo, si kama mfano wa kuigwa.

"Wewe si uliacha chuo? Utatufundisha injini?" Niliacha, ndiyo. Hewa ya Mbooni ni nyepesi kwa mwenye digrii na kwa asiye nayo. Kama hesabu yangu ya 2.2 na 2.7 ina kosa, nionyeshe kosa, si cheti.

Kama bado unataka nguvu

Anza na nguvu uliyolipia tayari na hauipati. Dizeli ya miaka minane iliyojaa masizi kwenye njia ya hewa, yenye bomba la tabo lililopasuka mahali, filta imeziba na injekta mbili zinachuruzika, imepoteza farasi wengi kimya kimya. Safisha njia ya hewa. Pima injekta. Badilisha filta zote mbili. Weka oili sahihi, na uibadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu kitabu hakikuandikwa ukipanda Kikima. Chomoa dipstiki kila wiki, na ikipanda, usifurahi. Mara moja kwa wiki, ipe gari safari ndefu ya mwendo wa kawaida bila kuzima, ili DPF ijisafishe. Wasee wengi wakifanya haya wanashangaa: "Kumbe gari ilikuwa hivi?" Ndiyo, ilikuwa hivi.

Ukishafanya yote, na bado unataka rimapu, hiyo ni pesa yako. Lakini mwekee fundi masharti. Apime kabla. Akupe nakala ya faili la kwanza, la kiwandani, uliweke nyumbani. Asiguse kinga ya mwinuko wala ya joto. Asiongeze nguvu nyingi kwenye mizunguko ya chini, kwa sababu huko ndiko gearboksi inavunjwa. DPF ibaki. Moshi usionekane, ukionekana, kazi haijaisha. Na aandike kwa karatasi, na sahihi, atalipa nini kikivunjika ndani ya miezi sita. Akikataa sharti la mwisho, amekueleza mwenyewe anavyoiamini kazi yake.

Kwa wenzangu wa kamera

Nawajua, na mnajua jinsi hii kazi inavyoenda. Rimapu ya bure, video ya bure, asante nyingi, wote tunashinda. Anayetazama haambiwi. Yuko Wote au Kitui au Githurai, ana miaka 22, ana mkopo wa gari na ana wadhamini watatu waliomwamini. Anakuamini wewe pia.

Kwa hivyo naomba mambo mawili tu. Kama umelipwa, hata kwa huduma, sema hivyo sekunde ya kwanza, kabla ya muziki. Na ukishaonyesha gari ikipigwa resi siku ya kwanza, rudi na gari ileile ikishafika kilomita 30,000. Tufungulie boneti. Tuonyeshe dipstiki, tuonyeshe tabo ikitikiswa, tuonyeshe risiti zote za gereji tangu ile siku. Ikiwa bado iko sawa, nitaisambaza hiyo video mimi mwenyewe, na nitaandika jina lako kwa herufi kubwa.

Nimeanza kuhesabu kutoka leo. Barabara ya Tawa kwenda Kikima iko wazi, na avokado za kubebwa ziko tele.